Kuokota taka Juani bila kukanyaga kiota cha kasa

Swali

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Dodoma. Agosti mwaka jana tulikwenda Mafia kutembea, walimu 11. Siku ya tatu tulivuka hadi kisiwa cha Juani, tukakuta ufukwe wa upande wa bahari kuu umejaa taka, tukaona aibu kupita tu. Kesho yake tuliwahi na viroba, tukaokota tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, tukajaza viroba 19. Majani makavu ya baharini tuliyafagia, tukayachoma pamoja na sehemu ya plastiki. Katikati ya kazi tukakuta watoto watatu wa kasa wamenasa kwenye kipande cha wavu. Tuliwanasua, tukawatia kwenye ndoo ya maji ya bahari, kila mtu akapiga nao picha, halafu tukawaachia majini. Mzee mmoja mwenyeji alikuja, akatutazama, akatikisa kichwa, akaondoka bila kusema neno. Kile kichwa hakijanitoka moyoni. Mwaka huu tunarudi, safari hii watu 20. Tulikosea wapi, na tufanyeje?

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Nimeshinda kwenye fukwe za visiwa hivi miaka 16 nikilinda viota vya kasa, na kabla ya yote nataka ulijue hili: wageni walio wengi huipiga picha bahari, taka wakazikwepa zisionekane kwenye picha. Nyie mliinama. Viroba vyenu 19 vilikuwa kazi njema, nami naomba mrudi. Mlikosea mahali patatu: saa, ufagio na ndoo. Mliingia nyumba ya watu kuifanyia usafi bila kupiga hodi, na hilo linarekebishika.

Nianze na saa, maana ndilo kosa nisilomwona mgeni yeyote akilijua kabla hajaambiwa.

Kasa jike hupanda ufukweni usiku. Yule wa kawaida, mla majani ya baharini, ndiye anayetaga zaidi Juani. Ng'amba, mwenye mdomo kama wa kasuku, hutokea kwa nadra. Jike mzima ana kilo 100 na ushei, na huko juu hana pa kutembelea ila mapezi. Hujiburuza, hupumzika, hujiburuza tena, akaacha mburuzo wa upana wa mita moja hivi, ungedhani trekta limepita. Akifika juu ya mstari wa maji kujaa, karibu na vichaka, huchimba shimo la kina cha mkono mzima toka vidole hadi begani, hutaga mayai 100 au zaidi, hufukia, kisha hutupatupa mchanga huku na huku ili asijue mtu shimo liko wapi. Kunapokucha, kinachosema "hapa pana kiota" ni ule mburuzo peke yake.

Mlinzi wa doria hupita alfajiri kuusoma. Anaona alipopandia na aliposhukia, anakisia shimo, anaandika tarehe. Kama kasa ametaga chini mno, mahali ambapo bahari itafika, mayai huhamishwa juu, na hapo hakuna muda wa kupoteza. Saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa baada ya hapo, kinakufa.

Sasa fikiria watu 11 wenye viatu wakitangulia doria. Sijui nyie mlikanyaga nini, na si kusudio langu kuwatia unyonge. Nikuambie nilichokiona. Miaka michache nyuma kikundi cha vijana wapatao 40 kilifika ufukweni kabla yetu, kwa nia njema kabisa. Tulipofika tulikuta nyayo za watu kila mahali, na kipande cha mburuzo urefu wa hatua tatu kikipotelea katikati ya zile nyayo. Tulitafuta mpaka jua likawa kali. Hatukukiona kiota. Bamvua iliyofuata, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, ilikipata kabla yetu. Asubuhi mayai yalikuwa yanaelea kwenye maji ya ukingoni, meupe, mviringo kama mipira ya tenisi ya meza, na kunguru wameshayajua. Tangu siku hiyo nikisikia neno "usafi wa alfajiri" tumbo linanikata.

Kwa hiyo anzeni saa mbili asubuhi, doria ikishapita, na mlinzi mmoja awe pamoja nanyi. Viota vilivyokwisha kujulikana huwa na vijiti vya alama. Msivisogeze, msitundike kitu juu yake, msikae karibu kupumzika. Agosti ni mwezi ambao viota vingi vya Juani vinaanguliwa, maana mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, kwa hiyo chini ya miguu yenu kuna watoto wanaokaribia kutoka. Sehemu ya juu ya ufukwe, ile ya mchanga laini na majani ya kutambaa, pitieni mstari mmoja nyuma ya mlinzi. Kundi zima lienee kwenye mchanga mgumu chini ya mstari wa maji kujaa.

La pili, ufagio. Yale majani makavu mliyoyafagia si taka. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, bahari huyang'oa majani ya baharini na mwani, huyalundika pwani kwa mistari, na kwa mgeni kweli yanaonekana machafu, tena yananuka. Fukua rundo moja kwa kidole uone. Utakuta vidudu vidogo vinaruka kama viroboto, vinayala yale majani. Kaa wanavila vidudu. Ndege wanavila vidudu na kaa wadogo. Na mwezi wa Agosti ndege wenyewe wanaanza kuwasili kutoka Ulaya na Siberia, wamechoka, wamekonda, wanatafuta chakula hichohicho. Eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2004, na ndege hao ni sehemu ya sababu. Rundo lile pia huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Ukilichoma, umewachomea wenyeji ghala.

Kanuni ninayowapa wageni wote ni fupi: kilichotengenezwa na mkono wa mtu, okota, kilicholetwa na bahari yenyewe, acha. Magogo acha. Makombe acha, hata yale mazuri, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi. Na okoteni kwa mkono. Reki hapana, fagio hapana, jembe ndiyo kabisa. Chupa iliyozikwa nusu kwenye mchanga wa juu msiichimbue kabla mlinzi hajasema hapo hapana kitu.

Makombe ni nyumba. Kuna kaa ambao hawana gamba mgongoni, hivyo huingia kwenye kombe tupu la konokono na kuhama kila wakikua. Watoto wako wa darasani wangewapenda: unakaa kimya dakika mbili na ufukwe mzima unaanza kutembea. Kaa hawa hufa wengi kwa taka zetu, na karibu hakuna anayeona. Chupa ikilala kwenye mteremko mdomo ukiwa juu, kaa huingia kufuata maji au harufu, kisha hashiki pa kupandia. Akifa hunuka, na harufu ya kaa aliyekufa kwa wenzake ina maana ya kwamba kombe limebaki wazi. Wanakuja kuligombea, nao wanaingia, nao hawatoki. Watafiti waliohesabu kwenye visiwa vya Cocos katika Bahari ya Hindi na Henderson katika Pasifiki walikadiria, mwaka 2019, kwamba kaa wapatao 570,000 hufa namna hii kwenye visiwa hivyo tu. Mimi mwenyewe nimewahi kukata chupa moja ya sabuni nikahesabu makombe 23. Wawili walikuwa hai bado.

Kwa hiyo chupa haiokotwi ikatupwa kirobani moja kwa moja. Iokoteni, ichunguzeni ndani, inamisheni mdomo chini, gongeni taratibu, ngojeni. Kopo vilevile, ndoo iliyopasuka vilevile, kiatu vilevile. Mtaenda polepole, mtajaza viroba vichache. Haidhuru.

Kuhusu moto. Plastiki ikichomwa wazi hutoa moshi wa sumu, na isiyoungua yote huyeyuka ikashikamana na mchanga, ikawa vipande visivyookoteka tena. Lakini kuna la zaidi. Watu huwasha moto juu, karibu na vichaka, ili maji yasiuzime, na hapohapo ndipo kasa anapotaga. Joto la mchanga ndilo linaloamua mayai yawe madume au majike. Mchanga ukiwa wa moto hutoka majike, ukizidi sana hakitoki kitu. Sisemi mliwasha juu ya kiota. Nasema hamkuwa na njia ya kujua. Kuzika pia msizike, bahari itafukua, na kabla haijafukua kasa atachimba akutane nazo.

Sasa ndoo, na hapa ndipo naamini mzee alipotikisa kichwa.

Mliwanasua kwenye wavu, na bila nyie wangekaukia pale. Hilo lihesabuni. Ila mtoto wa kasa anapotoka ganda amebeba akiba yake ya chakula tumboni, mabaki ya kiini cha yai. Akigusa maji tu, kitu ndani yake kinamwambia ogelea, na ataogelea bila kupumzika kwa takribani siku nzima mpaka afike maji makuu mbali na samaki wa ukingoni. Akiba ni ile moja. Mlipowatia kwenye ndoo ya maji walianza ile safari humohumo, wakaogelea wakizunguka huku simu zikipita. Dakika 20 za picha ni dakika 20 za chakula ambacho hawana pa kukipata tena. Halafu mkawaachia majini kweupe, saa ambayo kunguru na samaki wanaona vizuri. Kwa kawaida hutoka usiku, wanakimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa miaka yote iliyopita ulikuwa bahari. Inakadiriwa kwamba katika watoto 1,000 pengine mmoja tu anafika utu uzima, naye huchukua miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kurudi kutaga. Kwa hiyo kila dakika yao ina thamani.

Mkiwakuta tena, fanyeni hivi. Kateni uzi kwa mkasi, msivute. Chukueni ndoo kavu, tandikeni mchanga wenye unyevu, wawekeni humo, funikeni kwa kanga, wekeni kivulini. Maji hapana. Gizani na kwenye ubaridi wanatulia, na akiba inabaki. Mlinzi ataamua, mara nyingi atangoja jioni. Wakati wa kuachiwa, wawekwe mchangani hatua kadhaa kutoka majini, watambae wenyewe. Nyie simameni nyuma yao, kamwe msikae kati yao na bahari, na tochi zote zizimwe. Mnachoweza kufanya kwa mikono yenu ni kusawazisha njia: fukieni mashimo, toeni kipande cha wavu, lainisheni nyayo zenu, maana unyayo wa mtu mzima kwa kiumbe mwenye urefu wa kidole ni bonde. Picha pigeni bila mmweko, kwa mbali.

Mkitaka kuona kiota kikianguliwa, Juani kuna walinzi wa kijiji wanaowapeleka wageni, kwa malipo yanayosaidia ulinzi wenyewe. Wanahesabu siku tangu tarehe ya kutagwa, kwa hiyo wanaweza kuwaambia ni kipi kinakaribia.

Mnaweza pia kukutana na kasa mkubwa aliyenasa. Msimpindue, msimvute kwa mapezi, msikimbilie kumrudisha baharini. Kasa anavuta hewa kama wewe, na aliyechoka akirudishwa majini huzama akafa. Mfunikeni kwa nguo iliyoloa maji, muacheni pua na macho wazi, mpeni kivuli, ondoeni watu, mwiteni mlinzi. Kama ana kibati cha chuma kwenye pezi, someni namba muiandike. Kuna wengine huelea wasiweze kuzama, matako juu, na mara nyingi ndani kuna plastiki na gesi iliyoziba utumbo. Hao wanahitaji matibabu. Huko Watamu, Kenya, kuna kituo kinachowauguza, na baadhi yao hurudi baharini baada ya kunya plastiki waliyokula.

Na mkimkuta amekufa, toeni taarifa kwa afisa uvuvi au ofisi ya hifadhi. Akitokea mtu anataka kugawa nyama, mzuieni kwa upole lakini kwa nguvu zote. Mbali na kwamba sheria inakataza, nyama ya kasa wakati mwingine huwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi, na kwa kumtazama huwezi kujua yupi anayo. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba kwa nyama hiyo. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza hukohuko Pemba, walikufa 9, na 8 kati yao walikuwa watoto.

Viumbe wengine nitawataja kwa haraka. Konyeza, hata wale waliokauka mchangani, wanawasha bado. Akikuguseni, suuzeni kwa maji ya bahari, ondoeni nyuzi zake kwa kijiti, msisugue na mchanga. Konokono wa baharini mwenye kombe la umbo la koni, lenye michoro mizuri, asishikwe kabisa, ana mshale wenye sumu inayoweza kuua mtu. Mkitembea kwenye maji wakati wa kupwa vaeni viatu vya soli ngumu na burureni miguu ili samaki taa aliyejifukia akimbie. Anayechomwa na mwiba wa samaki wa sumu aingize mguu kwenye maji ya moto yasiyounguza, apelekwe hospitali. Kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, mtamwona mwekundu, mzuri. Msimtoe majini kwa ajili ya picha. Papa potwe msiwategemee mwezi huo, msimu wao wa Kilindoni, mji wa Mafia, ni Oktoba hadi Machi. Ila mkiwa kwenye boti tazameni upeo wa macho, Agosti nyangumi wanapita.

Mwalimu, umeuliza mfanyeje, nami lazima niwe mkweli kuhusu ukubwa wa kazi. Mwaka 2019, watu 12 walikwenda Aldabra, kisiwa cha Seychelles kilicho mashariki yetu na ambacho ni urithi wa dunia tangu 1982. Hakina kijiji, hakina hoteli. Waliokota wiki tano wakatoa tani 25. Kisha wakakadiria zilizobaki: tani zipatazo 513, nyingi zikiwa nyavu na zana za uvuvi, na kandambili kama 360,000 zikiwa zimelala humo. Mkondo uleule wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki ndio unaopiga pwani yetu na kugeuka kaskazini, ukipita Mafia. Ndege ya Malaysia Airlines, MH370, ilipotea tarehe 8 Machi 2014, na Juni 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa Pemba. Kama kipande cha ndege kimevuka bahari yote hiyo, kandambili haishindwi.

Ndiyo maana mtakuta chupa zenye maandishi ya Indonesia kwenye ufukwe ambao hauna duka. Wanafunzi wako wazisome zile chupa. Ikiwa imechakaa, ina viumbe vimeota juu yake, imesafiri sana. Ikiwa mpya, na tarehe ya kiwandani ni ya miezi miwili nyuma, haikuelea kutoka bara lingine. Imetupwa na meli iliyokuwa inapita. Na zitakuwepo za kwetu, msizifiche. Upande wa ndani, unaotazama bara, za kwetu ndizo nyingi. Sheria ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mimi niliuona upungufu wa mifuko kwa macho yangu pwani. Chupa na vifuniko sijauona.

Kwa hiyo msishindane na uzito. Watu 20 hawamalizi ufukwe wa Juani, ila wanaweza kuzifanya mita 300 ziwe salama kwa msimu huu. Chagueni na mlinzi kipande kinachotagwa sana. Kwanza toeni vinavyonasa: nyavu, mishipi ya nailoni, kamba, kisha vyombo vyote vyenye mdomo wazi. Baada ya hapo kandambili na plastiki ngumu. Vipande vidogo vya povu viacheni mwisho, wawili wenye subira waviokote wakiwa wamekaa. Wavu mkubwa uliozikwa msiuvute watu kumi kama mnavuta ngalawa. Utapasua mchanga na kila kilichomo. Kateni unaoonekana, chunguzeni kama ndani hamna kiumbe, uliozikwa acheni. Dumu lenye kitu ndani msilifungue. Sindano, wembe na vioo viingie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, vibebwe na mtu mmoja mzima aliyevaa glavu nene. Viroba vyenyewe chukueni salfeti za mchele au unga zilizokwisha kutumika. Kununua mifuko mipya ya plastiki ya kukusanyia plastiki hainiingii akilini.

Halafu viroba vinakwenda wapi? Hili liulizeni kabla hamjaondoka Dodoma, kwa simu, kwa uongozi wa kijiji na ofisi ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Nimeona viroba vilivyojazwa kwa jasho vikiachwa nyuma ya vichaka "gari litakuja", na gari la kuja Juani halipo. Bamvua ikavirudisha ufukweni, safari hii vikiwa vimechanika. Chupa za maji zina wanunuzi wa kilo Dar es Salaam, kwa hiyo zitengeni, zikandamizeni, mvuke nazo hadi Nyamisati, bandari ya upande wa bara, mkirudi. Watu 20 wakibeba salfeti mbili mbili ni 40. Kandambili kule Kenya zina kazi: Lamu walitengeneza jahazi zima, Flipflopi, kwa takriban tani 10 za plastiki, likavikwa kandambili 30,000 na kushushwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kwetu bado hazina mnunuzi ninayeweza kukuhakikishia. Zisizonunuliwa zivukishwe mpaka dampo la halmashauri, na gharama ya boti ya mzigo iwekeni kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo, kama mnavyoweka chakula.

Na mpange siku kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na kupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Hizo ndizo siku nzuri za kazi: saa mbili mstari mpya wa taka uko wazi, mchanga mgumu umetanda, doria imeshapita. Lakini boti inawavusha mapema maji yakiwa bado yapo, na kurudi hairudi mpaka yajae tena, yaani baada ya adhuhuri. Bebeni maji ya kunywa kwenye madumu, chakula kisicho na vifungashio, kofia. Saa nne mkimaliza, kaeni kivulini mngoje.

Hapo ndipo pa kuonana na yule mzee. Huenda mwenyewe alikuwa mlinzi, au aliwahi kula mayai hayo utotoni kama wengi wa rika lake kisha akaacha. Ukifika Juani, kabla ya viroba kufunguliwa, muulize mwenyekiti wa kijiji nyumba yake, mpelekee shikamoo yako na umwambie ulichoniambia mimi, mpaka ile ndoo. Kisha mwombe awaongoze siku hiyo, kwa malipo. Anajua mlango wa kila kiota.